Nguvu za Trekta Huishia Kwenye Tairi

Muuza trekta hukuonyesha injini kwanza. Hukutajia nguvu za farasi, idadi ya silinda na lita za dizeli linazokunywa kwa saa, kisha hufungua boneti ujionee mwenyewe. Mara chache sana utamwona akichutama kukuonyesha tairi. Mnunuzi naye haulizi. Huzunguka trekta, hupiga tairi teke moja, likidunda huridhika, wanahamia kwenye bei. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo huanza kwenda mrama. Injini izunguke, gia zipokezane, ekseli isukume, kazi yote hiyo bado inangoja vipande vinne vya mpira vishike ardhi. Visiposhika, dizeli inaungua, moshi unapaa, na jembe liko palepale lilipokuwa.

Kwa hiyo namsifu mtu ambaye hasifiwi na yeyote: fundi wa matairi ya trekta dogo. Kijana wa kuziba pancha kando ya barabara namheshimu, na mafundi wengi walianzia kwenye karai lake la maji, lakini simzungumzii yeye. Nazungumzia fundi wa aina unayemkuta Rujewa, Igawa au Ubaruku, kwenye bonde la Usangu wilayani Mbarali. Huko mpunga umefanya trekta na pawatila kuwa vitu vya kila siku. Trekta moja, katika msimu mmoja, hukanyaga tope la majaruba, huvuta tela la magunia kwenye lami ya barabara kuu iendayo Tunduma, kisha hukodishwa kwenda kulima mahindi kwenye ardhi ya juu yenye kichanga. Kazi ni tatu na kila moja inadai tairi lake, ila mfuko wa mwenye trekta unaruhusu seti moja tu. Ustadi wa fundi unaanzia hapo, kabla hajagusa spana.

Matrekta madogo yanayofika kwake, ya nguvu za farasi 20 hadi 40 hivi, mengi ni ya mtumba kutoka Japani: Kubota, Yanmar, Iseki. Kule kwao yalilima mpunga, na matairi yake yanasema hivyo bila kuulizwa. Ni membamba, meno yake ni marefu na yameachana, yapite kwenye tope na kulitema. Ubavuni yamechorwa R-2. Meno ya R-2 hukaribia kuwa na kimo mara mbili ya meno ya R-1, lile tairi la kawaida la kilimo cha nchi kavu. Liweke R-2 kwenye jaruba, hakuna linaloshindana nalo. Lipeleke kwenye lami na tela la tani mbili nyuma, utaliona linavyoliwa. Meno marefu hujipinda kila yanapogusa lami, hupata moto, huisha kwa upande mmoja, na dereva anatetemeka kitini mpaka meno yake mwenyewe yanagongana. R-4 ni kinyume chake, meno mafupi na manene, ubavu mgumu, tairi la kubebea mzigo na kusafiria. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ulioloa, nafasi kati ya meno hujaa, na baada ya hatua chache una duara laini la udongo linaloteleza mahali pamoja. R-3 ni ya nyasi za viwanja. Mbarali haina kazi nayo.

Fundi mzuri huuliza maswali mengi kuliko anavyojibu. Mwaka mzima unakaa majarubani siku ngapi? Tela unavuta umbali gani? Shamba la kukodisha lina miiba ya migunga? Una jembe la diski au rotaveta? Mwenye haraka huona anachezewa, maana yeye alikuja kutaja saizi na kulipa. Nilimsikia mmoja wa mafundi hawa, mtu mzima wa maneno machache, akimhoji kijana aliyetaka matairi makubwa ya nyuma kama aliyoyaona kwa jirani.

"Ya mbele nayo unabadili?"

"Hapana mzee, ya mbele bado mazima."

"Na hili linavuta miguu yote minne?"

"Yote minne."

"Basi, kijana wangu, wewe huna hela ya tairi. Una hela ya giaboksi."

Kijana alicheka, fundi hakucheka. Kwenye trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne, ya mbele na ya nyuma yamefungwa pamoja kwa gia, na gia hazibembelezeki. Mtengenezaji amepiga hesabu gurudumu dogo la mbele lizunguke mara ngapi wakati kubwa la nyuma linazunguka mara moja, tena akayapa ya mbele wepesi kidogo, kati ya asilimia 1 na 5, yawe yanavuta badala ya kusukumwa. Ukipandisha kimo cha nyuma peke yake, matairi ya nyuma yanataka kwenda mbali kwa kila mzunguko na ya mbele hayafiki. Kwenye tope tofauti hiyo inamezwa na kuteleza kwa tairi. Kwenye ardhi kavu haina pa kwenda, inarudi ndani kwenye shafti na meno ya gia, na siku moja kitu kinakatika. Kwa sababu hiyohiyo dereva anayejua kazi huondoa mvuto wa mbele akipanda lami.

Fundi aliipima hoja yake mbele ya mwenye mali. Alipiga alama ya chaki chini ya tairi na ardhini, trekta likasogezwa polepole mpaka chaki ikarudi chini, akapima kwa futi kamba umbali wa ardhini. Akafanya hivyo nyuma, akafanya mbele, akagawanya kwenye simu. Uwiano ule ndio aliokwenda nao dukani. Matairi mapya yakiukosa, hata yawe mazuri kiasi gani, yanabaki dukani.

Namba za ubavuni huzisoma bila kuhangaika. 12.4-28 maana yake upana wa tairi ni inchi 12.4 na ringi yake ni ya inchi 28. Kistari kikigeuka herufi R, 12.4R28, hilo ni la radial, nyuzi zake zimekatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, hukanyaga kwa upana zaidi na hukandamiza udongo kidogo. Likiandikwa kwa milimita, 320/85R28, ni lilelile kwa vazi jingine, na mteja asiyejua hilo huambiwa halipo wakati limetundikwa juu ya kichwa chake. Saizi za Massey Ferguson za zamani, 12.4-28 nyuma na 6.00-16 mbele, zinapatikana kila mji wenye duka la pembejeo, kwa kuwa Massey wametapakaa nchi nzima. Za Kijapani ndizo zinazotesa. Tairi linaweza kuwapo bila ringi yake, au ringi ikawa imeoza na mwenzake hayupo.

Sasa fundi huhama kwenye mpira akaingia kwenye chuma. Gurudumu la nyuma la trekta ni vipande viwili, diski ya katikati inayofungwa kwenye habu, na ringi inayofungwa kwenye diski. Harry Ferguson alitumia mpangilio huo kwenye trekta lake la TE20, lililotengenezwa Coventry kuanzia 1946, na hadi leo haujapata mpinzani wa maana. Diski imebinuka, na masikio ya ringi hayako katikati. Ukiigeuza hii, ukaipindua ile, upana kati ya magurudumu unabadilika kwa hatua za inchi 4. Mwenye mahindi ya mistari ya sentimita 75 anataka mita moja na nusu kati ya tairi na tairi, trekta lipite juu ya mistari miwili bila kukanyaga mche. Wenye matrekta wengi hawajui kwamba jambo hilo limo ndani ya magurudumu yao tayari. Ila lina mtego: ukigeuza gurudumu zima nje-ndani, meno nayo yanageuka, kwa hiyo la kushoto lazima lihamie kulia. Ukisimama nyuma ya trekta, ncha za meno zielekee juu, kama paa la nyumba. Zikielekea chini, tairi litakusanya tope badala ya kulitema, na mvuto utapungua bila mtu kujua kwa nini.

Ringi isipopatikana, huungwa. Diski ya zamani hukatwa na kuchomelewa ndani ya ringi nyingine. Kazi hii siipendi, na fundi yule pia haipendi, lakini akiikubali huifanya mpaka inaheshimika. Huchomelea kwanza nukta chache tu, hufunga ringi tupu kwenye habu, hushikilia msumari karibu na ukingo wake na kuizungusha kwa mkono. Mwanya kati ya msumari na chuma ukipanuka na kubana, anagonga kwa nyundo, anazungusha tena, anagonga. Hachomelei mshono mzima mpaka mwanya utulie. Na hachomelei kamwe ringi yenye tairi juu yake, hata lisiwe na upepo. Joto hupika mpira ndani, gesi hujikusanya, na tairi hupasuka kwa nguvu ya kuua mtu. Wateja wanaobisha kwamba kuvua ni usumbufu huwaelekeza kwa jirani.

Kuvua kwenyewe ndiko watu wanakokuita kazi ya misuli. Nilikaa karibu nikatazama. Alitoa ulimi wa valvu, akaacha upepo uishe kabisa. Ukingo wa tairi, ambao ndani yake mna waya wa chuma, ulikuwa umegandana na kutu ya ringi kwa miaka. Akamwaga maji ya sabuni pembeni kote, akasubiri. Hakuweka oili wala petroli, kwa kuwa vitu hivyo hula mpira. Akaweka jeki kati ya tairi na uvungu wa lori bovu lililokuwa pale, akabonyeza kidogo, akahama shubiri moja, akabonyeza, mpaka ukingo ukaachia kwa mlio. Kisha akapiga magoti juu ya upande mmoja, ukingo ukazama kwenye bonde lililo katikati ya ringi. Siri yote imo humo. Waya hauvutiki, huwezi kuupanua hata ukileta wanaume kumi. Lakini upande mmoja ukishuka bondeni, upande wa pili unapata nafasi ya ziada, na mtaimbo unaingia kwa nguvu ya mkono mmoja. Niliwahi kuona vijana wanne wakining'inia kwenye nondo kwa kutojua hilo, wakaukata waya na kuliua tairi jipya.

Ndani ya tairi hakupapasa kwa kiganja kitupu. Alipitisha kipande cha kitambaa cha pamba, kikanasa mahali. Mwiba wa mgunga, umekatika, ncha yake imebaki imelala kama nywele. Tyubu mpya ingedumu siku mbili. Akautoa kwa koleo, akasugua ringi kwa brashi ya waya, hasa kuzunguka tundu la valvu ambako maji huvuja na kutu huanza, akapaka rangi, akapaka poda kwenye tyubu isijikunje wala kusuguana. Alipojaza upepo ili kingo zikae, alisimama mbali na ubavu, mkono kwenye mpira mrefu wa kompresa, jicho kwenye geji. Pauni 35 ndio mwisho. Kingo zisipokaa hapo, upepo unatolewa na sabuni inaongezwa. Kisha akashusha hadi pauni 14, kiasi cha kulimia. Dereva akaona limelegea, akataka liongezwe liwe gumu kama la lori. Akakataliwa.

Watu walikuwa na shaka hiyohiyo mwanzoni kabisa. Hadi miaka ya 1920 matrekta yalitembea kwa magurudumu ya chuma yenye meno, na mwaka 1932 Allis-Chalmers na Firestone walipoanza kuyafunga matairi ya upepo huko Marekani, wakulima walicheka wakisema mpira hauwezi kuvuta jembe. Iliwabidi waletewe madereva wa mbio, kina Barney Oldfield, walioyakimbiza matrekta zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Onyesho zuri, lakini kasi haikuwa hoja. Hoja ilikuwa kwamba tairi laini hulala juu ya ardhi na kuishika, na likiongezwa uzito hushika zaidi.

Uzito huo Mbarali ni maji. Baridi ya kugandisha haipo, kwa hiyo hawahitaji chumvi wanazotumia Ulaya, ambazo huzuia maji kugeuka barafu na papo hapo hula ringi. Gurudumu hunyanyuliwa kwa jeki, valvu hupelekwa juu kabisa, maji huingizwa mpaka yafike kwenye valvu: robo tatu ya tairi. Tairi la 12.4-28 hubeba lita 150 hivi, kilo 150 kila upande, bei yake ndoo na jasho. Kwa jembe la diski kwenye ardhi kavu, hakuna kipuri cha bei hiyo kitakachokuletea faida kama hiyo. Kwa jaruba la tope, fundi huyohuyo hukwambia umwage, maana trekta zito huzama mpaka ekseli ikae juu ya udongo, nalo la kulivuta ni gari la kukodi.

Mwisho wa kazi huzifunga nati kwa kukatiza, moja juu, ya pili chini, kushoto, kulia, kisha kuzunguka tena. Rangi mpya kati ya diski na habu hubanwa na kupungua trekta likianza kazi, na nati iliyokazwa sana asubuhi jioni imelegea. Humwambia kila mteja alime saa moja kisha arudi, au awe na spana yake shambani. Wengi hawarudi. Yule kijana wa matairi makubwa, aliyeishia kubadilisha yote manne baada ya kwenda kutafuta fedha zaidi, naye hakurudi, fundi akapanda bodaboda akamfuata jarubani na spana mkononi. Nati mbili za kushoto zilizunguka robo duara kabla hazijashika. Nauli ya bodaboda aliilipa mwenyewe, na kwenye ankara hakuiandika.