Vitendawili vya Thimbleweed Park

Msomaji, wako watu wanaosifu kila jambo la kale kwa sababu ni la kale, na wako wengine wanaolidharau kwa sababu iyo hiyo. Wote hao wamehukumu kabla ya kutazama. Katika insha hii nataka tuutazame pamoja mchezo mmoja wa kompyuta uliotungwa makusudi kwa umbo la zamani, tupate kujua kama ukale wake una faida kwa kijana wa leo, au kama ni pambo tu la watu wazima wanaokumbuka ujana wao.

Mchezo wenyewe waitwa Thimbleweed Park. Ulitolewa mwaka 2017 na Wamarekani wawili, Ron Gilbert na Gary Winnick, pamoja na wenzao. Watu hawa si wageni katika kazi hii. Mwaka 1987 walitoa mchezo uitwao Maniac Mansion, walipokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Lucasfilm. Katika mchezo huo mchezaji alielekeza kishale juu ya neno na juu ya kitu, wala hakulazimika kuandika amri herufi kwa herufi, kama ilivyokuwa katika michezo mingi ya wakati ule. Miaka karibu thelathini ilipopita, walitaka kutunga mwingine wa namna ile ile. Mwishoni mwa mwaka 2014 waliwaomba wapenzi wa michezo hiyo wawachangie, na watu zaidi ya 15,000 wakatoa dola zaidi ya 600,000. Basi ukale si aibu iliyofichwa. Ndiyo bidhaa iliyoagizwa na kulipiwa.

Hadithi yake yatokea mwaka 1987, katika mji mdogo wa Marekani wenye jina lile lile la mchezo. Maiti ya mtu imeonekana mtoni, karibu na daraja, na wapelelezi wawili, Bibi Ray na Bwana Reyes, wamekuja kuchunguza. Baadaye twapewa watu watatu zaidi wa kuwaongoza. Wa kwanza ni Ransome, mchekeshaji wa sarakasi aliyezoea kuwatukana watazamaji wake, hata akalaaniwa asiweze kuifuta rangi usoni mwake. Wa pili ni Delores, msichana aliyekataa kurithi kiwanda cha mito ya kulalia cha ami yake, kwa kuwa alitaka kwenda kutunga michezo ya kompyuta. Wa tatu ni Franklin, baba yake Delores, ambaye amekwisha kufa na sasa ni mzuka katika hoteli.

Sasa tutazame umbo. Picha zake zimejengwa kwa vijiraba vya rangi vinavyoonekana wazi, kama ushanga uliopangwa juu ya kitambaa. Chini ya kioo yameandikwa maneno tisa ya kutenda, ambayo kwa lugha yetu maana yake ni fungua, funga, toa, okota, tazama, zungumza, sukuma, vuta na tumia. Mchezaji huchagua tendo, kisha huchagua kitu. Hana upanga, hana bunduki, wala hashindani na saa. Silaha yake ni fikira. Hata mzuka Franklin amepewa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa asiye na mwili hawezi kuokota wala kusukuma; yeye huweza kupuliza, kutia baridi na mengine kama hayo. Hapa umbo la kale latoa maana ambayo picha nzuri peke yake isingeitoa. Twahisi unyonge wa mfu si kwa kuambiwa, bali kwa kukosa maneno ya kutendea.

Lakini mchezo wa mafumbo hupimwa kwa mafumbo yake, nasi tunayo mizani ya kuupimia. Tangu utotoni tumetegeana vitendawili. Mtegaji husema, nasi twajibu, "Tega!" Tukishindwa, humpa mji, naye hutufumbulia. Wewe wajua tofauti ya kitendawili kizuri na kibaya. Kizuri kikifumbuliwa, aliyeshindwa hupiga paji la uso na kusema, "Kumbe! Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu." Kibaya kikifumbuliwa, husema, "Ningejuaje?" Katika kizuri twajilaumu wenyewe, katika kibaya twamlaumu mtegaji, na lawama yetu ni ya haki.

Kwa mizani hiyo, sehemu kubwa ya Thimbleweed Park ni nzito na njema. Mathalani, ili wapelelezi wamjue mwuaji, hawana budi kupeleka alama za vidole, damu na sura kwenye mashine tatu za ajabu zilizomo mjini. Kazi hiyo yaeleweka tangu mwanzo; kilichofichika ni njia, na njia hufunguka kidogo kidogo kwa mtu mwangalifu. Kila mhusika ana orodha ya mambo anayopaswa kuyatimiza, hata mchezaji hapotei kama mtu aliyeachwa porini usiku. Tena kuna daraja mbili za ugumu, moja kwa mwenye haraka na moja kwa mwenye subira. Baadaye watungaji waliongeza hata simu ya kuomba dokezo, ambayo mtu huipiga ndani ya mchezo wenyewe. Simu hiyo ni ule mji wetu tunaotoa tukishindwa.

Katika jambo hili Gilbert anastahili heshima. Mwaka 1989 aliandika makala ya kuilaumu michezo ya namna yake, na hasa ile inayomwua mchezaji ghafla ili ajifunze kwa kufa. Maniac Mansion yenyewe haikuwa na usalama: mtu aliweza kufanya kosa dogo, kisha akaendelea kucheza kwa muda mrefu bila kujua kwamba hawezi tena kushinda. Mwenye kurudi kwa mambo ya kale akayachukua yote, mema na mabaya, huyo aiga tu. Gilbert alirudi akauchukua utulivu na ufikirifu wa zamani, akauacha ukatili wake. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyorithi.

Walakini sitakuwa mwaminifu kwako nikinyamaza juu ya kasoro. Ya kwanza ni mzaha wa nyumbani. Mara kwa mara wahusika hutaja michezo ya zamani ya watungaji hawa na ya washindani wao, na aliyeicheza hucheka. Asiyeicheza hukaa kama mgeni karamuni, anayesikia wenyeji wakicheka kwa habari za jirani asiyemjua. Kitabu cha simu kilichomo mchezoni kimejaa maelfu ya majina ya waliochanga fedha, na ukipiga baadhi ya namba wasikia sauti zao. Ni shukrani nzuri, nami siichukii. Lakini kijana wa Kisumu au Voi aliyezaliwa miaka mingi baada ya 1987 atauliza, "Na mimi, mlango wangu uko wapi?" Mzaha wa namna hii ni kitendawili ambacho jibu lake lajulikana na watu wa ukoo mmoja tu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Asiyependa kuambiwa mwisho na airuke aya hii. Mwishowe wahusika watambua kwamba wamo ndani ya mchezo wa kompyuta, na Delores ndiye anayepewa kazi ya kuuzima. Wazo hili si la kipumbavu. Lakini limenunuliwa kwa bei kubwa. Tulianza na mtu aliyeuawa, naye akalala majini huku watu wakimfanyia mzaha. Tulivumilia, tukidhani haki yake yaja. Badala yake habari yake inasukumwa kando, na mchezo wageuka kujitazama wenyewe kama mtu mbele ya kioo. Mtungaji akitufungulia deni, hana budi kulilipa au kutuonyesha kwa nini halilipiki. Kutuambia kwamba yote yalikuwa mchezo si malipo. Hilo tulilijua tulipoketi kucheza.

Juu ya hayo, kipo kitu kimoja kinachouokoa mchezo huu, nacho ni Delores. Ami yake amjengea mali, naye ayakataa mali hayo, akanyimwa urithi, kwa ajili ya kazi ambayo wazee wake hawakuiona kuwa kazi. Na baba yake, mzuka asiye na mwili, hana haja kubwa kuliko kusema na binti yake mara moja tena. Kwa kulifahamu jambo hili huhitaji kuwa umezaliwa Marekani, wala kuwa umecheza Maniac Mansion. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mtaitwa siku moja na mzazi au ami, mtaulizwa mtafanya kazi gani, na jibu lenu halitampendeza kila mtu. Hapo vijiraba vyatoweka machoni, na twabaki na watu.

Basi hukumu yangu ni hii. Thimbleweed Park ni kazi njema yenye mwisho dhaifu. Ni njema kila inapoutumia umbo la zamani kutufikirisha na kutuonea huruma wahusika; ni dhaifu kila inapougeuza ukale kuwa ndio habari yenyewe. Ukipata nafasi ya kuucheza, ucheze polepole, pamoja na mwenzako ikiwezekana, kama mnavyotegeana vitendawili. Usikimbilie simu ya dokezo kabla ya kuzunguka mji mara mbili. Na utakapofumbuliwa jambo, jiulize kwa haki: je, nasema "Kumbe!" au nasema "Ningejuaje?" Swali hilo litakufaa kwa mchezo huu, na litakufaa vile vile kwa riwaya, tamthilia na mashairi utakayosomeshwa darasani.