Soma Silinda, Achana na Mtutu

Juzi hapa Butimba watu wazima, wenye akili zao timamu, walipokezana revolva moja ya pini huku wakiisifia: Lefaucheux halisi ya Paris, iliyoletwa na wale Mapadri Weupe waliofika Bukumbi 1883. Inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikanyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Habari za leseni sikuuliza, ingawa gereza tunalo jirani.

Revolva ya umri huo haing'ai. Iliyopigwa msasa imeshauawa, na hilo sibishani na mtu.

Anayeanza husoma mtutu, maana ndiko kuliko na jina kubwa. Jina huchongwa na yeyote mwenye mkono mwepesi, na mafundi wa Liège, Ubelgiji, walinakili Lefaucheux kwa miaka mingi. Geuza silinda utazame mgongo wake. Utakuta alama ndogo, unaweza kuifunika kwa ncha ya bisibisi: herufi ELG na nyota, ndani ya duaradufu. Huo ni muhuri wa wakaguzi wa Liège. Sasa angalia juu ya duaradufu. Pakiwa na taji, silaha ilikaguliwa 1893 au baadaye. Ile ya juzi taji lake lilionekana bila miwani. Mapadri wa 1883 waliipataje?

Fundi mmoja wa zamani, Mungu amrehemu, hata mtutu alikuwa hautazami. Alichomoa silinda, akaipumulia, na mvuke ulipokuwa ukikauka muhuri uliofifia ukajitokeza. Matapeli nao huufuta kwa tupa. Lakini tupa huacha kibonde: izungushe silinda taratibu dirishani, mwanga utayumba pale pale. Mzee aliwahi kumrudishia muuzaji bastola namna hiyo, kimya, na muuzaji akaaga. Mafundi wa aina ile hawapo tena.

Za jeshi la Ufaransa hazina usumbufu. Modeli 1873 ya askari, milimita 11, ilitoka Saint-Étienne ikiwa chuma cheupe, silinda laini. Rangi ya buluu na mifereji kwenye silinda ni za 1874, ya maofisa. Ukiletewa 1873 ya buluu, kuna mtu kaipika. Namba za silinda na fremu zisipolingana, umeuziwa mabaki ya revolva mbili. Ya 1892 inalenga vizuri, ila haina roho.

Mpini uwe wa mjozi, uliochakaa pale kiganja kinaposhika. Siku hizi wanaupaka vanishi. Vanishi, jamani!