Jicho la Msafiri: Picha za Wilfred Thesiger

Msomaji mwema, picha ni kama shahidi aliyesimama mbele ya hakimu. Husema aliyoyaona, lakini huenda alisimama mahali ambapo upande wa pili hauonekani. Kwa hiyo shahidi hana budi kuulizwa maswali, hata awe mkweli namna gani. Leo nataka mimi nawe tumwulize maswali shahidi mmoja mashuhuri, bila chuki wala upendeleo.

Mtu huyo ni Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1910, ambako baba yake alikuwa mwakilishi wa serikali ya Uingereza. Alifariki mwaka 2003. Upigaji wa picha haukuwa kazi ya kumpatia riziki. Alikuwa msafiri kwanza, na mpiga picha kwa ridhaa yake tu. Hata hivyo aliacha kiasi cha vipande 38,000 vya filamu, ambavyo vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford. Kwetu Kenya si mgeni kabisa. Alianza kuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaizunguka kaskazini kwa miguu na ngamia hata Ziwa Turkana, kisha akakaa Maralal kwa miaka mingi mpaka mwaka 1994.

Tuanze na sifa, maana mhakiki asiyeona uzuri hastahili kuaminiwa anapotaja kasoro. Kati ya mwaka 1945 na 1950 Thesiger alisafiri Arabuni, akalivuka mara mbili lile jangwa kuu liitwalo Robo Tupu, pamoja na Mabedui wa kabila la Rashid. Tazama picha zake za vilima vya mchanga. Mpiga picha mwingine angalitosheka na uzuri wa mchanga peke yake, na picha yake ingalikuwa pambo la ukutani. Huyu hutuwekea watu na ngamia, wadogo kama sisimizi juu ya mgongo wa kilima. Udogo wao ndio unaotupa kipimo cha jangwa. Mara moja mtazamaji hujiuliza: Je, maji waliyobeba yatawafikisha?

Alipenda filamu nyeusi na nyeupe, naye alifanya vema. Rangi ikiondoka, jicho hubaki na umbo na kivuli, na jangwa ni nchi ya umbo na kivuli. Kamera yake aliitia katika mfuko wa ngozi ya mbuzi ili mchanga usiiharibu. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini latuonyesha kwamba chombo kile kilisafiri kama walivyosafiri watu, kwa shida ile ile.

Kisha zitazame picha za nyuso. Wenzake wawili vijana, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, wanatutazama kwa utulivu usio na hofu wala kujipendekeza. Utulivu huo haununuliwi. Ulipatikana kwa kuona njaa pamoja, kwa kiu ya pamoja, na kwa kulala mchangani usiku wa baridi. Hapa ndipo mpiga picha wa ridhaa anapoweza kumpita mwenye kulipwa. Mwenye kulipwa huhesabu saa, hali mwenye kupenda ana siku nyingi za kungoja. Mtu akizoewa, kamera yake nayo huzoewa.

Tena picha hizi zimekuwa hazina kwa sababu mambo mengi yaliyomo yametoweka. Thesiger aliiona Abu Dhabi mwaka 1948, mji mdogo wa pwani kabla ya utajiri wa mafuta. Aliiona hori ya Dubai na majahazi yake, ndugu wa majahazi yaliyokuwa yakija Lamu na Mombasa kwa pepo za kaskazi. Katika miaka ya 1950 alikaa na watu wa mabwawa ya kusini mwa Iraki, ambao hujenga nyumba kwa matete na kutembea kwa mitumbwi. Katika miaka ya 1990 serikali ya nchi ile iliyakausha mabwawa hayo, na sehemu tu ya maji ilirudi baada ya mwaka 2003. Anayetaka kujua kilichopotea hurudi kwenye picha hizo.

Sasa tuje kwenye kasoro. Thesiger hakuficha katika vitabu vyake kwamba aliyachukia magari na ndege, na kwamba aliyaona maendeleo mengi kuwa uharibifu. Mtu ana haki ya kuchukia gari. Lakini chuki ya mpiga picha huwa kisu kinachokata pembe za picha. Maralal aliyoishi ilikuwa na maduka, shule na malori. Mambo hayo aliyapa nafasi ndogo, akampa morani na mkuki wake nafasi kubwa. Wanawake nao ni wachache kuliko wanaume, hasa katika picha za jangwani. Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Mtazamaji wa mbali aweza kudhani kwamba Msamburu hana daftari, na kwamba nyumba ya Bedui haina mama.

Liko na jambo la pili. Thesiger hakuoa wala hakupata mtoto. Katika uzee wake aliishi na vijana wa Kisamburu na Kiturkana aliowahesabu kuwa wanawe, na picha zao ndizo picha za jamaa yake. Zina upendo, wala sina shaka. Lakini picha ya jamaa hukaa wapi? Nyumbani, ambako wajukuu wataishika mkononi na kuuliza: Huyu ni nani? Picha hizi zimekaa Oxford. Huko zinatunzwa vizuri, lakini mjukuu wa aliyepigwa hana nauli ya kwenda kuzitazama.

Nalisema hili kwa uchungu wangu mwenyewe. Babu yangu alipigwa picha na msafiri mmoja aliyepita kijijini kwetu. Bibi alisimulia kwamba alisimama wima, akamshika mbuzi wake aliyempenda, na msafiri akacheka kwa furaha. Picha haikurudi. Babu alikufa kabla sijazaliwa, na mpaka leo sijapata kuiona sura yake. Simlaumu Thesiger kwa kosa la mtu mwingine. Ila kila ninapozitazama picha zake nzuri, humwona babu akingoja kando ya njia.

Basi hukumu yetu iwe nini? Kwa maoni yangu, Thesiger ni shahidi mkweli aliyechagua mahali pa kusimama. Aliyoyaonyesha tuyapokee kwa shukrani. Aliyoyaacha tuyatafute kwa bidii.

Nawe, msomaji, huenda una kamera ndani ya simu mfukoni. Jifunze kwake subira: kaa na watu kwanza, ndipo upige. Kisha fanya asilolifanya. Mpige mama yako akiwa kazini, wala usimfiche mwenye duka, mwalimu na dereva wa lori. Omba ruhusa. Andika jina la mtu, mahali na mwaka. Zaidi ya yote, mrudishie mwenye sura sura yake. Nchi yetu inabadilika kila siku, nasi hatuna haja ya kungoja msafiri atoke mbali aje atutunzie nyuso za wazee wetu.