Sauti ya Nani? Urithi wa Sinema ya Ukraine na Tamthilia ya Televisheni

Wahakiki wa sinema ya Ukraine aghalabu huugawa uwanja wao mafungu mawili, na ugawaji wenyewe hubeba hukumu. Fungu la kwanza ni la filamu ziitwazo za kishairi: Zvenyhora (1928), Arsenal (1929) na Zemlya, yaani Ardhi (1930), zote za Oleksandr Dovzhenko, pamoja na zile za miaka ya sitini zilizoufufua mkondo huo. Hizi ndizo huitwa urithi. Fungu la pili ni la vichekesho na tamthilia za televisheni, ambazo huachiwa mtazamaji aliyechoka jioni na hutajwa na wasomi kwa dharau, iwapo zinatajwa kabisa. Ugawaji huu una kasoro. Unapima picha na kusahau sauti, ilhali mojawapo ya masuala mazito katika historia ya sinema hiyo ni lugha inayosemwa na wahusika, na nani mwenye haki ya kuibadilisha.

Dovzhenko hakukabiliwa na suala hilo katika filamu hizo tatu kwa kuwa zilikuwa bubu. Katika Ardhi, mzee Semen anafariki kwa utulivu miongoni mwa matofaa, na mauti yake hayana uzito zaidi ya tunda kuiva na kuanguka. Baadaye kijana Vasyl anauawa kwa risasi akicheza ngoma peke yake njiani usiku. Filamu hii ilikusudiwa kuusifu ushirika wa wakulima, lakini mshairi Demyan Bedny aliishambulia katika gazeti la Izvestia. Mnamo 1958 jopo la wahakiki waliopigiwa kura kwa ajili ya maonyesho ya Brussels liliiweka miongoni mwa filamu kumi na mbili bora za nyakati zote. Picha ziliweza kuvuka mipaka bila mkalimani.

Hali ni nyingine kabisa katika Tini zabutykh predkiv (Vivuli vya Mababu Waliosahauliwa) ya Serhiy Parajanov, Mwarmenia aliyezaliwa Tbilisi. Filamu hii imetokana na novela ya Mykhailo Kotsiubynsky iliyoandikwa 1911, nayo inasawiri mapenzi ya Ivan na Marichka, watoto wa koo zenye uhasama, miongoni mwa Wahutsul wa milima ya Carpathian. Sifa nyingi amepewa mpigapicha Yuri Illienko, na kwa haki. Mti unaanguka msituni na kamera inaanguka nao, hata mtazamaji akajikuta upande wa kinachoua, si wa anayeuawa. Marichka anapokufa maji, rangi zinaondoka katika picha. Lakini ni katika sehemu hiyo isiyo na rangi ambapo sikio linafanya kazi kubwa kuliko jicho. Ivan anaonekana peke yake, amechakaa, huku sauti za wanakijiji wasioonekana zikimsema, zikimhurumia na kumsengenya kwa lahaja yao. Upweke wake hauelezwi na yeyote, unasikika. Kuzifuta sauti hizo na kutia za Kirusi kungekuwa kukifuta kijiji chenyewe, na Parajanov alikataa jambo hilo lifanywe. Haikuwa tamaa ya kupamba kazi kwa ugeni wa kikabila, kama wengine walivyodai.

Watawala walilielewa hilo upesi kuliko baadhi ya wahakiki. Filamu ilipoonyeshwa katika jumba la Ukraina jijini Kyiv mnamo Septemba 4, 1965, Ivan Dziuba alisimama mbele ya hadhira akapinga kukamatwa kwa wasomi wa Kiukraini, na Viacheslav Chornovil na Vasyl Stus wakamuunga mkono. Parajanov mwenyewe alikamatwa Desemba 1973, akakaa kifungoni miaka minne.

Je, vichekesho viko nje ya historia hii? La hasha. Za dvoma zaitsiamy (Kuwafukuza Sungura Wawili), iliyoongozwa na Viktor Ivanov mwaka 1961, imetokana na tamthilia ya Mykhailo Starytsky ya 1883, na jina lake ni methali ambayo Mswahili angeisema kwa njia yake: mshika mbili moja humponyoka. Svyryd Holokhvosty, kinyozi aliyefilisika, anamposa Pronia kwa ajili ya mali huku akimwinda Halya kwa uzuri wake. Jina lake lina maana ya mkia mtupu, naye hulikunja kunja ili lisikike la Kirusi na la kiungwana. Pronia naye, aliyepita kidogo tu katika shule ya mabinti, anazungumza surzhyk, mchanganyiko wa Kiukraini na Kirusi uliopewa jina la unga wa nafaka zilizochanganywa. Tashtiti yote imo humo. Wahusika hawachekwi kwa kuwa washamba; wanachekwa kwa kuwa wanaukimbia ushamba kwa ulimi usiowatii. Filamu ikatiwa sauti za Kirusi, na toleo hilo ndilo lililozoeleka, ambamo ni vigumu kujua Pronia anamuiga nani ikiwa kila mtu tayari anasema lugha anayoiiga. Sauti asilia ilidhaniwa kupotea hadi ilipopatikana Mariupol mwaka 2013. Miaka tisa baadaye mji huo ulizingirwa na kubomolewa.

Kwa mtazamo huu, Sluha narodu (Mtumishi wa Wananchi), iliyoonyeshwa katika runinga ya 1+1 kuanzia 2015 hadi 2019, si mwanaharamu wa sinema ya Ukraine. Ni mjukuu wa Starytsky. Mwalimu wa historia Vasyl Holoborodko, aliyeigizwa na Volodymyr Zelensky, anarekodiwa kisiri akiwalaani wala rushwa, kisha anajikuta rais anayekwenda kazini kwa baiskeli. Ukwasi wa kujifanya, jamaa wanaolewa cheo kisicho chao, viongozi wenye mikia mitupu: haya yote ni mali ya kale. Mjukuu huyu hata hivyo amepoteza sikio la babu. Tamthilia inasema Kirusi kwa sehemu kubwa, na lugha humo ni kama kioo cha dirisha, haionekani wala haichekwi. Pengo hilo linazibwa na ndoto ya mkombozi mmoja mwadilifu, ndoto inayofikia kilele pale Holoborodko anapowaza akiwamiminia wabunge risasi. Msimu wa tatu ulionyeshwa siku chache kabla ya duru ya kwanza ya uchaguzi wa Machi 2019. Aprili, mwigizaji akachaguliwa rais kwa zaidi ya asilimia 73, akiwa na chama chenye jina la tamthilia. Ushindi huo si hoja ya ubora wa kazi, wala si hoja dhidi yake.

Myroslav Slaboshpytskyi alilikwepa suala zima kwa njia ya ajabu katika Plemya (2014), ambamo wahusika wote ni viziwi na lugha ya ishara haitafsiriwi popote: hakuna sauti ya kubadilisha. Wengine hawana njia hiyo. Tangu Julai 2021, vifungu vya filamu vya sheria ya lugha ya 2019 vinataka Kiukraini kisikike, na sasa tamthilia iliyopigwa kwa Kirusi ndiyo inayosubiri kutiwa sauti nyingine. Holoborodko akisemeshwa Kiukraini, jamaa zake watasema kipi? Mtafsiri atakayewapa wote Kiukraini sanifu atalirudia kosa alilotendewa Pronia, kwa kulielekeza upande wa pili.