Semi za Matatu na Hukumu ya Tabia

Wahakiki wa Kiswahili wamekwisha kuikubali kanga kuwa uwanja wa fasihi. Maandishi yake huitwa "jina", ingawa aghalabu ni sentensi kamili: mke mwenza au jirani husutwa pasipo kutajwa, na mvaaji akiulizwa aweza kukana kwamba alimkusudia mtu. Matatu ya Nairobi haijapata heshima hiyo. Imeachiwa wanasosholojia na polisi wa barabarani.

Neno lenyewe latokana na mapeni matatu, yaani senti thelathini, nauli ya miaka ya 1960. Magari hayo yalikimbizana na sheria mpaka amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1973 ilipoyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Semi zake zilikuwa za dua, za majigambo, za vijembe kwa hasidi. Methali kama "Mwenda pole hajikwai", ikiandikwa nyuma ya gari linalokwenda mbio, haisomeki tena kama ilivyo katika kitabu cha shule. Msomaji wake ni dereva aliyeachwa nyuma, naye hana jibu ila honi. Hapo fani haitengani na maudhui, kwani mwendo wa gari ni sehemu ya maana. Orodha za semi zilizopangwa kwa alfabeti, ambazo wanafunzi hupenda kuziambatisha mwishoni mwa tasnifu, hazituelezi lolote juu ya hilo.

Mahali nako kuna uzito wake. Gari la namba 46 litokalo katikati ya jiji hupitia Hurlingham na Lavington kabla ya kufika Kawangware. Lile la Kangemi hupita Westlands kwa barabara ya Waiyaki. Hurlingham na Lavington ilikuwa mitaa ya Wazungu wakati wa ukoloni, na kuta ndefu zingalipo. Tuseme gari limeandikwa "Mwenye wivu ajinyonge". Mbele ya kuta za Lavington, mwenye gari moja kuukuu amjigambie nani? Huko hakuna amwoneaye wivu. Likifika Kawangware, maneno yale yale humgeukia jirani aendaye kazini kwa miguu. Fumbo lililodhaniwa kumpinga mwenye nacho kumbe lampiga asiye nacho. Wanaozisifu semi hizi kuwa sauti ya wanyonge hawana budi kulijibu jambo hili. (Kanga nayo si safi zaidi, mara nyingi humchoma mwanamke kwa mkono wa mwanamke mwenzake.)

Hata hivyo, kijembe kilikuwa hukumu. Kilidai kwamba husuda, uchoyo na kiburi ni mambo ya kusemwa hadharani, mbele ya watu wasiojuana. Tangu miaka ya 1990 majina na sura za wanamuziki wa Marekani na timu za kandanda za Uingereza yamechukua sehemu kubwa ya nafasi ya sentensi. Jina la namna hiyo halina kitenzi: halimwonyi hasidi, halimwombi Mungu, halimsuti mtu. Humtangaza mwenye gari, basi. Kosa hili si la serikali peke yake. Masharti ya Waziri John Michuki, yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, yalileta mstari wa manjano na kufuta mapambo mengi. Lakini sentensi ilikuwa imekwisha kudhoofika mikononi mwa wachoraji wenyewe.

Rangi ziliporejea miaka kumi hivi baadaye, zilirejea kwa ufundi ambao mchoraji yeyote angeuonea fahari, na sura za mashuhuri zikajaa ubavu mzima wa gari. Sentensi ilisukumwa pembeni mwa kioo, mara nyingi kwa Sheng, na humo ndimo kejeli ingali hai. Sheng hiyo haimo katika kamusi za idara, na hubadilika kabla ya wino wa kamusi kukauka. Atakayeikusanya itambidi aandike pia gari lilikuwa njia gani, saa ngapi, na nani alikuwa nyuma yake.