Onyo Lisilo na Mtenda: Kusoma Umbo la Angalizo la Mawimbi

Malangali ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mbali kabisa na Bahari ya Hindi. Hata hivyo, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) unapofika kwenye upepo na mawimbi, msikilizaji wa huku ana sababu ya kutega sikio. Chini ya uwanda kuna Ziwa Tanganyika, na migebuka tunayoinunua sokoni imetoka Kasanga, Kipili na Kirando, kwa watu wanaovua usiku. Maandishi yanayowaonya watu hao yanastahili usomaji wa makini tunaoupa ushairi.

Umbo la angalizo ni lilelile kila mara. Kwanza rangi: njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Hufuata hatari: vipindi vya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kwa baadhi ya maeneo. Kisha vipimo viwili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Mwisho, athari zenyewe: kuathirika kwa baadhi ya shughuli za uvuvi na usafirishaji.

Vipimo viwili ndivyo uzuri wa umbo hili. Jambo la nadra lenye madhara makubwa halichanganywi na la kila wiki lenye madhara madogo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilihimiza mwelekeo huo katika mwongozo wake wa 2015: utabiri useme upepo utafanya nini, si kasi yake tu.

Udhaifu uko katika sentensi ya mwisho. "Kuathirika" ni kitenzi kilichogeuzwa jina, kikapoteza nafsi na wakati. Nani ataathirika? Saa ngapi? Afanye nini? Neno "baadhi" nalo latokea mara mbili katika angalizo, kwenye maeneo na kwenye shughuli. La kwanza ni halali, maana mtabiri hawezi kujua upepo utapiga ghuba ipi. La pili linaihamishia shaka hiyo kwa mvuvi. Kutokuwa na hakika kama upepo utavuma ni ukweli wa sayansi. Kumwacha mtu bila kujua la kufanya ukivuma ni kasoro ya uandishi.

Linganisha na taarifa za Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Hapo sentensi ilipata mtenda: kimbunga kipo umbali fulani kutoka pwani, kinasogea, kinaelekea upande fulani. Kila taarifa iliendeleza iliyotangulia, na msomaji aliweza kukadiria muda uliobaki. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na kimbunga kikapoteza nguvu baada ya kuingia Mafia. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyozisimamisha boti. Nasema mwenye mamlaka ya kuzisimamisha alipewa maandishi yanayomwezesha kuamua.

Upepo wa kawaida wa ziwani haupewi jina kama kimbunga, wala hautangazwi hatua kwa hatua. Kwa hiyo unahitaji sentensi bora zaidi. Ningeuandika mstari wa mwisho hivi: "Manahodha wa Kipili na Kirando, msiondoke usiku huu. Wenye mitumbwi midogo, ivuteni nchi kavu. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), fikisheni habari hii mwaloni kabla ya jua kuzama." Hapo kuna nafsi, mahali, saa na tendo.

Itasemwa kwamba kazi ya TMA ni kutabiri, si kuamuru. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake limo ndani ya umbo lenyewe. TMA ibaki na rangi na vipimo vyake. Mstari wa vitendo uandikwe chini yake na kamati za maafa za wilaya za Nkasi na Kalambo, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imezipa wajibu wa kuandaa watu. Na mwandishi wake aweke cheo chake, ili mvuvi ajue nani amemwambia asitoke.