Vidole Kuliko Bega

Anayetazama besiboli kwa mara ya kwanza humwona mrushaji kama mtu wa nguvu tu. Amesimama peke yake juu ya kilima kidogo cha udongo, anainua mguu, anajikunja na kujikunjua, na mpira unamtoka mkononi kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa au zaidi. Mtazamaji hulisifu bega. Mimi nasema bega humfungulia mrushaji mlango wa kazi, basi. Kinachomweka kazini miaka kumi na mitano au ishirini ni vidole na akili, na ndiyo sababu kazi hii ni ya fundi hasa.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye mpira wenyewe. Una uzito wa gramu 142 hadi 149, na ngozi yake imefungwa kwa mishono 108 ya uzi mwekundu. Kutoka kwa mrushaji hadi kwenye kibao anachokilinda mpigaji ni mita 18.44, na kibao hicho kina upana wa sentimita 43 tu. Kwa kasi niliyoitaja, mpira hufika kwa muda wa sehemu nne za kumi za sekunde, na ndani ya muda huo mpigaji auone, aamue, azungushe gongo. Hata hivyo wapigaji wa kulipwa huizoea kasi. Mpira ulionyooka, hata uwe wa kasi namna gani, mwishowe watauotea. Wasichokizoea ni mpira usiokwenda walikoutarajia, na hapo ndipo mishono inapofanya kazi. Vidole vikiuzungusha mpira kuelekea mbele, hewa huukandamiza nao hudidimia ghafla. Vikiuzungusha kuelekea nyuma, huchelewa kushuka. Kidole cha kati kikibonyeza zaidi kidogo upande mmoja, hukata pembeni. Tena upo mpira wa polepole, unaoshikwa ndani zaidi ya kiganja na kurushwa kwa mkono uleule, kwa mwendo uleule, ili mpigaji azungushe gongo kabla haujafika. Fundi ni yule ambaye mirusho yake yote hiyo huanza kwa sura moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama. Kabla ya kusaini mkataba na timu ya New York Yankees mwaka 1990 alifanya kazi katika mashua ya baba yake wakivua sadini, na utotoni yeye na wenzake walicheza kwa mipira ya vipande vya nyavu kuukuu vilivyofungwa kwa utepe, na glavu za maboksi ya maziwa. Mwaka 1997, akirushiana mpira na mwenzake, aliona mpira wake umeanza kukata pembeni dakika ya mwisho. Aliushika mrusho huo na kuutegemea hadi alipostaafu mwaka 2013. Kazi yake ilikuwa kuingia mwishoni kuulinda ushindi, na aliulinda mara 652, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Wapigaji walijua atarusha nini. Hawakujua mpira ungekata sentimita ngapi karibu kabisa na gongo, na magongo mengi yalivunjikia hapo. Mwaka 2019 alikuwa mchezaji wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli kwa kura zote bila moja kukosekana. Heshima hiyo aliipata kwa mrusho mmoja aliounoa miaka kumi na sita.

Wapo watakaonipinga kwa jina la Nolan Ryan, aliyerusha kwa nguvu za kutisha kwa misimu 27 na kuwatoa wapigaji mara 5,714 kwa kushindwa kuupiga mpira. Je, huyo si bega tupu? Hapana. Mwaka 1977, akiwa na nguvu zake zote, aliwapa wapigaji 204 nafasi ya bure kwa kukosa shabaha. Mwaka 1990, akiwa na miaka 43, waliopata nafasi hiyo walikuwa 74, na hata ukizingatia kwamba msimu huo alirusha mara chache zaidi, tofauti ni kubwa mno. Katikati ya miaka hiyo alikuwa ameongeza mpira wa polepole na kujifunza kuutuma anakotaka. Naye Jamie Moyer alishinda mchezo wa ligi kuu mwaka 2012 akiwa na miaka 49, kwa mipira ambayo kijana yeyote wa ligi za chini angeipita kwa kasi.

Msomaji wa Kalemie, huku Kongo, ana haki ya kuuliza mchezo huu wa ng'ambo unamhusu nini. Ndakala wanaovuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Tanganyika ni wa jamii ya sadini, kama wale aliowavua Rivera, na nyavu kuukuu hazikosekani. Uganda, jirani yetu, imekwisha kujibu swali hilo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Mwaka 2015 timu ya Uganda ilirudi huko na kuifunga Jamhuri ya Dominika, nchi inayolea wachezaji wa besiboli kama sisi tunavyolea wa soka. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamsajili mrushaji David Matoma, ambaye mwezi Machi 2024, akiwa na miaka 18, alirusha kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa dhidi ya vijana wa timu ya Baltimore. Bega analo. Kinachobaki ndicho kirefu zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kazi hii huvunja mikono, na hilo ni kweli. Mrushaji Sandy Koufax aliacha akiwa na miaka 30 kwa sababu ya kiwiko. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpandikizia mrushaji Tommy John kano mpya kwenye kiwiko cha kushoto, naye John akarudi na kurusha hadi 1989; upasuaji huo bado unabeba jina la mrushaji huyo, na leo wanaoupata ni wengi, wakiwemo vijana wanaosukumwa watafute kasi mapema. Nami naliona hilo kama ushahidi upande wangu: nguvu peke yake hazidumu. Ligi ya watoto ya Marekani humruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha mara 85 tu kwa siku, kisha apumzike. Makocha wa Kampala, na wale watakaoanza Kalemie, naomba waihesabu mirusho hiyo moja moja, na wamfundishe mtoto kuishika mishono kabla ya kumpima kasi.